Sifuri ya Mama Selina

Scholastika aliambiwa kwamba yeye ni sifuri siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwake mwenyewe, akiwa ameshika sahani ya kuku aliyemchinja mwenyewe. Aliyemwambia ni shemeji yake, Fredrick, na wala hakumwambia kwa ubaya. Alimwambia kisayansi. Mama wa watu akasimama pale na sahani yake, hajui aiweke chini au aende nayo, na wazee wa ukoo wakamtazama kwa huruma, kisha wakaitazama sahani.

Pale Mgori hakuna anayemwita Scholastika isipokuwa padri na watu wa vitambulisho. Anaitwa Mama Selina, kwa jina la binti yake wa kwanza, na mimi nitamwita hivyo hivyo, maana sijafika cheo cha padri. Alikuja kuolewa kutoka Iguguno akiwa na miaka ishirini na mitatu, Mnyiramba aliyeletwa kwa Wanyaturu, na mwaka mzima wakwe zake walimcheka anavyotamka maneno yao. Leo anaongea Kinyaturu kuwashinda baadhi ya waliomcheka. Ila akikasirika anarudi kwenye Kinyiramba chake, na ukimsikia anakiongea peke yake jikoni, wewe pita mbali.

Sasa shamba, maana bila shamba Fredrick asingekumbuka hata njia ya kufika Mgori. Ni ekari sita, mwisho kabisa wa kijiji, pale mashamba yanapoishia na msitu kuanzia. Wakati Leonidas, mume wa Mama Selina, anapewa eneo lile, ndugu zake walicheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu lilikuwa vichaka na visiki vitupu, na majirani wa karibu walikuwa nyani. Wao wawili waling'oa visiki misimu mitatu. Kisha Mama Selina akapanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mazao, na kopo la kupigia kelele na kombeo, akawinga nyani kwa zaidi ya miaka ishirini. Selina na mdogo wake Pendo walijifunza kutembea chini ya dungu lile. Katika miaka yote hiyo Fredrick alifika shambani mara moja, akapiga picha.

Leonidas alifariki kwa figo mwaka juzi. Fredrick, mdogo wake, dalali wa mazao pale Singida mjini, mtu wa koti na simu mbili, alikuja kuzika, akalia sana, akaondoka. Mwaka jana barabara ya kuelekea msituni ikachongwa. Wanunuzi wa mashamba wakaanza kupita na pikipiki wakiulizia bei, na ghafla Fredrick akakumbuka kwamba yeye ni damu ya marehemu.

Kwa asiyejua mambo haya, yako hivi. Mtu akifariki, ukoo hukaa kikao na kukubaliana nani awe msimamizi wa mirathi. Makubaliano huandikwa kwenye karatasi inayoitwa muhtasari, wote wanasaini, halafu karatasi inapelekwa mahakama ya mwanzo. Aliyetajwa humo ndiye mwenye sauti. Kama angetajwa Fredrick, shamba lingeuzwa kabla mvua hazijaanza, na Mama Selina, mwenye miaka hamsini na minne, angerudi Iguguno kukaa kwenye chumba cha uani kwa kaka yake na kumwomba wifi yake chumvi. Hilo alilijua vizuri, na lilimnyima raha kuliko hata msiba wenyewe.

Zamani Fredrick asingehangaika. Angesema marehemu hakuacha mtoto wa kiume, ardhi irudi kwenye ukoo, basi, yamekwisha, tuleteeni pombe. Siku hizi mambo ya kumnyang'anya mjane yanawatia wazee woga. Semina zimepita, kuna akina mama wa kata wanaofuatilia, na mzee mmoja wa kijiji cha jirani alilala mahabusu siku mbili kwa ajili ya mila. Fredrick akaona mila imechakaa. Akaleta sayansi.

Basi Jumamosi ile akasimama mbele ya wazee, simu mkononi, akasoma. Vinasaba havina upendeleo, alisema. Mtoto ana asilimia hamsini ya marehemu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja naye ana hamsini. Mjomba ishirini na tano. Mke ni sifuri, na si kwamba hatukupendi, shemeji, ila damu zenu hazikutani popote. Ndipo ile sahani ya kuku ilipobaki hewani.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mzee Ntandu, baba mkubwa wa marehemu, aliyefanya biashara ya ng'ombe minadani maisha yake yote, na hesabu huwa hazimpiti. Akauliza, Selina hamsini, Pendo hamsini, Fredrick hamsini, jumla ngapi? Mia na hamsini. Na shamba zima ni asilimia ngapi? Mia. Akamgeukia katibu, Joseph, mtendaji wa kijiji mstaafu, mtu anayeandika kila kitu, hata ukipiga chafya utajikuta kwenye daftari. Joseph akapiga hesabu pembeni ya ukurasa, akatangaza kwamba kwa kiwango hicho shamba la marehemu ni ekari tisa. Wazee wakasikitika kwamba ekari tatu hazionekani. Mmoja akapendekeza waende wakapime upya. Mwisho wakakubaliana kwamba suala hili ni la kitaalamu, aitwe mtaalamu, na kikao kikaahirishwa baada ya chakula.

Na hapo kwenye chakula msipite haraka. Kikao cha ukoo hulishwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa Mama Selina. Yaani mwanamke yule alikuwa anawachinjia kuku watu waliokuja kuamua kama atafukuzwa, na kila wakiahirisha, kuku wengine wawili wanaandika wosia. Wazee hawakuwa wabaya. Walikuwa na njaa, na jambo zito haliwezi kuharakishwa.

Mtaalamu aliletwa na Fredrick mwenyewe, kwa bodaboda, na nauli akalipa. Alikuwa Mwalimu Winfrida, anayefundisha bayolojia sekondari, binti wa miaka ishirini na saba mwenye adabu zake. Aliwaamkia wazee wote kumi na wanne, mmoja mmoja, kwa kupiga magoti, jambo lililomwongezea sifa za kisayansi kabla hajafungua mdomo. Yeye alikuwa ameambiwa kwamba ukoo unataka elimu ya urithi wa vinasaba. Hakuambiwa kwamba kuna shamba. Akaitundika chati yake kwenye msumari wa mlango, akaeleza vizuri kabisa. Mzazi na mtoto, hamsini. Ndugu wa tumbo moja, hamsini kwa wastani. Binamu, kumi na mbili na nusu. Mke na mume, kwa kawaida hawana undugu. Fredrick akakunja nne kwenye kiti, akatabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana.

Mama Selina alikuwa amesimama mlangoni, upande wa jikoni, mikono ina unga. Aliitazama chati kwa muda mrefu. Wengine mpaka leo wanasema aliuliza kwa kutojua. Mimi namjua yule mama, na sisemi kitu.

"Na huyu wa chini kabisa, mwalimu, huyu mwenye manyoya, yeye ana ngapi?"

"Huyo ni sokwe, mama," Mwalimu Winfrida akajibu. "Binadamu na sokwe wanafanana kwa asilimia tisini na nane nukta nane."

Kalamu ya Joseph peke yake ndiyo ilisikika, inaandika. Mzee Ntandu akavua kofia, akaivaa tena, akamtazama mtoto wa mdogo wake.

"Fredrick mwanangu," akasema polepole, "wewe ni hamsini."

Hapo mambo yakaharibika. Mwalimu wa watu akasimama, akaeleza kwamba vile ni vipimo viwili tofauti. Kimoja kinahesabu yale machache yanayotofautiana kati ya mtu na mtu, kingine kinalinganisha vinasaba vyote kwa ujumla. Akasema huwezi kuchukua debe la mahindi na futi kamba ukauliza kipi kikubwa. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, wakamshukuru, wakamwambia anafundisha vizuri sana, kisha wakaendelea kubishana kama vile hajasema kitu. Unajua ukiwapa watu namba mbili, watauliza ipi imeizidi nyingine, na kwa hilo hawahitaji mwalimu.

Mmoja akasema sokwe hatuhusu, sokwe wako Kigoma, hawajawahi kuja hata kwenye msiba mmoja wa ukoo huu. Mwingine akasema hata Fredrick misiba mingine haji. Wa tatu akauliza, je, nyani? Mwalimu kwa uaminifu wake, ambao kwa kweli ndio uliomponza, akasema nyani yuko mbali kidogo kuliko sokwe, ila naye anazidi tisini. Mzee wa nne akashika kidevu. Kumbe wale waliokuwa wanakula mahindi ya Leonidas miaka yote ile walikuwa wanachukua fungu lao, akasema, na sisi tunawapiga kwa kombeo.

Fredrick akaona jahazi linazama, akabadilisha upande. Mtu aliyekuja na vinasaba asubuhi, ilipofika saa saba alikuwa Mkristo safi. Akauliza kwa sauti ya uchungu kama kweli wazee waliobatizwa wanakaa kusikiliza kwamba binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ni ndugu wa wanyama. Mzee mmoja anayefundisha katekisimu akaitikia kwa nguvu, akasema asilimia zote hizo ni za shetani. Mzee Ntandu akamuuliza Fredrick, basi tufute asilimia zote, pamoja na hamsini zako? Fredrick akasema hapana, hamsini zibaki, zifutwe za sokwe tu. Joseph akaandika hilo pia. Wakala, wakaahirisha.

Wiki mbili zilizofuata kijiji hakikuwa na habari nyingine. Fredrick alirudi mjini akapekua simu zake zote mbili, akarudi na ushindi. Kuna utafiti mpya, akatangaza kwenye kikao cha tatu, wa wataalamu wa nje, na sasa wenyewe wanasema ile tisini na nane ilikuwa inapotosha. Wakipima vizuri, kuanzia mwanzo hadi mwisho, sokwe na binadamu wanafanana kwa kama asilimia themanini na nne au tano hivi. Akakaa, akajifuta jasho. Alishusha asilimia kumi na nne kwa mkupuo mmoja, na hiyo kwa dalali si kazi ndogo.

Mzee Ntandu akamuuliza Joseph, themanini na nne na hamsini, ipi kubwa? Joseph akajibu kwamba ni themanini na nne. Mzee akamgeukia Fredrick, akamwambia bado mwenzako anakuzidi.

Ndipo kijiji kikagawanyika. Wapo waliokuwa Tisini na Nane, na wapo waliokuwa Themanini na Nne. Kwenye mashine ya kusaga walibishana, kwenye kijiwe cha bodaboda walibishana, na wanakwaya wawili waliacha kusalimiana. Tisini na Nane waliwaita wenzao washamba wasiotaka elimu. Themanini na Nne waliwaita wenzao nyani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona sokwe, na hakuna aliyekumbuka tena kwamba hoja ilikuwa mwanamke mmoja abaki nyumbani kwake au asibaki. Jambo likishakuwa na namba linapendeza, watu husahau lina mtu ndani.

Kikao cha nne Mwalimu Winfrida aliitwa tena, akaja tena, akapiga magoti tena. Akaeleza kwamba namba zote mbili zinaweza kuwa sahihi, inategemea unahesabu nini. Chukua barua mbili zilizonakiliwa kwa mkono, akasema. Ukilinganisha mistari inayooana tu, makosa ni machache sana. Ukihesabu na kurasa zilizopotea au zilizorudiwa, tofauti inaongezeka, lakini barua ni zile zile. Wazee wakasema mfano umeeleweka, wakauliza sasa ni ipi. Binti akavuta pumzi, akamtazama Mama Selina pale mlangoni, nadhani siku hiyo kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini alikuwa anaitwa.

"Wazee wangu, kama mnatumia kipimo hicho cha sokwe, basi mtumie kwa wote," akasema. "Kwa kipimo hicho mtu na mtu yeyote wanafanana asilimia tisini na tisa nukta tisa. Mama Selina na marehemu mumewe ni tisini na tisa nukta tisa."

Mama Selina alisikia. Akaona limekwisha, limesemwa na msomi, mbele ya watu, kwa sauti. Akasubiri kalamu iandike.

Joseph akaweka kalamu chini. Akasema kwa masikitiko kwamba suala la mjane lilishafungwa kikao cha kwanza, kwa hiyo haliko kwenye ajenda. Ajenda ya leo ni sokwe.

Wakaafiki wote, na Mzee Ntandu naye, mwenye kichwa cha hesabu, akaafiki. Mama Selina akarudi jikoni, akautupa mwiko chini kwa hasira. Akasema maneno mengi kwa Kinyiramba. Kisha akalia, akalia kabisa, si kwa ajili ya shamba, kwa ajili ya dharau. Miaka thelathini na moja amewapikia watu hawa, ameuguza mama zao, amezika watoto wao, na mnyama ambaye hawajawahi kumwona ameingia kwenye ajenda kabla yake. Alipomaliza akanawa uso, akapakua wali, kwa sababu wageni walikuwa wanasubiri.

Sijui Fredrick aliwapa wazee nini wiki ile. Wengine wanataja mbuzi. Ninachojua ni kwamba kikao cha tano hakikuwa na ubishi, na kilifanyika kwa Mzee Ntandu, mbali na jiko la Mama Selina. Muhtasari ukaandikwa kwamba Fredrick awe msimamizi wa mirathi, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa karibu, aliye hai na anayepatikana. Hilo la kupatikana aliliongeza Joseph, kwa ajili ya haki, maana yule mwenye asilimia kubwa zaidi alikuwa hapatikani. Na kwa kuwa Joseph alikuwa mtendaji miaka ishirini na mbili na anajua karatasi bila kiambatisho si karatasi, akaambatisha jedwali. Wazee wakasaini. Fredrick akaangalia jina lake kama limeandikwa vizuri, akakunja, akatia kwenye koti.

Mama Selina akaenda kuweka pingamizi. Alienda na Pendo, kwa bodaboda moja, wamebanana, na kwenye mfuko hakuwa na karatasi yoyote isipokuwa cheti cha ndoa kilicholiwa pembe moja na panya.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa. Wazee walikuja karibu wote, Tisini na Nane wakakaa kushoto, Themanini na Nne kulia. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani, anasoma bila kuinua kichwa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza. Alisoma jedwali. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akavua miwani.

"Fredrick," akasema. "Huyu Sokwe ni nani?"

Fredrick akasimama, koti limemkaba. Akasema si mtu, mheshimiwa.

"Hapa ameandikwa ana asilimia tisini na nane nukta nane. Wewe hamsini. Ni mtu mwenye haki kubwa kuliko wote, na hajasaini. Aliitwa kwenye kikao?"

Sauti ya kucheka ikaanzia nyuma, ikanyamazishwa na askari, ambaye naye alikuwa ameuma mdomo. Fredrick akaanza kueleza. Akasema ni mnyama, mheshimiwa, na tena hiyo namba si sahihi, utafiti mpya unasema themanini na nne. Upande wa kulia wakatikisa vichwa wakikubali, upande wa kushoto wakaguna. Hakimu akamwambia akae. Akamwita Mama Selina, akamwuliza uhusiano wake na marehemu, maana kwenye jedwali anaona sifuri na hakuna maelezo.

Mama Selina akasema yeye ndiye hiyo sifuri. Akasema yeye ni mke.

Hakimu akaandika kitu. Akaacha asilimia, akaacha sokwe, akamwuliza Fredrick swali dogo, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mchicha. Anataka kuwa msimamizi wa shamba hili. Shamba lina nini kwa sasa?

Fredrick akafurahi, maana hilo lilikuwa swali rahisi. Mahindi, mheshimiwa, akasema. Hilo ni shamba la mahindi tangu kaka yangu alifungue, ekari sita za mahindi, na mimi najua mpaka mbegu wanayotumia. Akaitaja na mbegu.

Hakimu akamgeukia Mama Selina.

"Vitunguu, mheshimiwa," akasema Mama Selina. "Huu mwaka wa nne. Mahindi tuliacha marehemu akiwa bado mzima, kwa sababu ya nyani."

Fredrick akaruka. Akasema ukoo haukuarifiwa, akasema hiyo ni kubadili matumizi ya mali bila kibali, akasema hakuna mtu aliyeambiwa. Mama Selina akamsikiliza mpaka akamaliza. Hakuwa na hasira tena, na nadhani ndiyo maana lilitoka vizuri vile.

"Hata nyani wanajua, shemeji. Walikuja wakang'oa kimoja, wakaonja, wakatema. Hawajarudi tangu mwaka ule."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ntandu akatazama vidole vya miguu yake. Joseph alikuwa na daftari mapajani, kwa mazoea tu, na hakuandika. Wazee kumi na wanne walikula kwenye nyumba ile vikao vinne, kwenye mchuzi mlikuwa na vitunguu tele, na hakuna hata mmoja aliyeuliza vimetoka wapi.

Hakimu akautupa muhtasari. Akasema mahakama haina uwezo wa kuamua sokwe na binadamu wanafanana kwa kiasi gani, wenye kazi hiyo wapo na waendelee kubishana, lakini mke wa ndoa anajulikana, na mtu anayejua shambani kumepandwa nini naye anajulikana. Akamteua Mama Selina kuwa msimamizi wa mirathi pamoja na binti yake Selina. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mzee Ntandu alimfuata. Akakohoa, akaulizia hali ya watoto, akaulizia mvua. Halafu akasema, kwa unyenyekevu, kwamba wazee wanaona lile suala la namba bado halijapata mwafaka, kwa hiyo kama mama ataona vema, wangekaa kikao kingine kwake, Jumamosi.

"Shikamoo baba mkubwa," Mama Selina akamwambia, akapiga goti kama inavyotakiwa. "Kikao hicho kakaeni Kigoma. Huko ndiko waliko ndugu wenye asilimia, watawachinjia."

Mzee akaitikia marahaba, akaenda zake.

Kisha karani akamwita ndani kujaza fomu. Alikuwa na haraka, watu wengi wanasubiri, alimwuliza huku anaandika bila kumtazama. Jina kamili. Umri. Kijiji. Uhusiano na marehemu.

"Mke," akasema.

Karani akaandika, akasukuma fomu na kalamu. Mama Selina hakuichukua kalamu. Kusoma anajua, alifika darasa la saba, lakini akamwomba karani amsomee pale alipoandika. Karani akashangaa, akasoma, mke. Akamwomba asome tena, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Karani akainua kichwa kwa mara ya kwanza, akamtazama, akasoma tena. Ndipo akasaini.